Usiinue Kichwa

Savaii, 6 Mei 2023

Aperamo,

Niliapa sitakuandikia. Nimevunja kiapo kwa sababu hasira zimenijaa hadi kooni na humu ndani hakuna wa kumtupia. Baba hataki simu yako ilie nyumbani kwake, kwa hiyo ni barua, na utaisubiri kama wafungwa wenzako wanavyosubiri.

Wewe ni mdogo wangu. Nimekubeba mgongoni, nimekufuta makamasi, basi sitazungukazunguka. Umemuua Falaniko. Umemchoma kisu cha kazi ndani ya machinjio, mbele ya vijana wa kisiwa chetu mliokwenda nao Australia kutafuta riziki na mnaosali nao kanisa moja. Habari zilifika hapa kabla polisi wa huko hawajamaliza kuandika jina lako. Jirani alikuja na simu akanionyesha picha ya sakafu. Damu ya ng'ombe na damu ya mtu, kwenye simu zote ni nyekundu tu.

Baba alifanya haraka, na hiyo haraka ndiyo iliyotuponza. Alfajiri ya siku iliyofuata alibeba mkeka laini, kuni, mawe na majani ya kuokea, akaenda kuomba radhi kwa ifoga nyumbani kwa mjomba wake Falaniko. Akapiga magoti uwanjani, akajifunika mkeka, akangoja wamsamehe au wamchinje. Alikwenda kwa mjomba kwa sababu Falaniko alilelewa pale na alimtumikia mzee yule tangu utoto. Mjomba akatoka, akaufunua mkeka, wakaingia ndani wakalia pamoja. Baba akarudi nyumbani akasema yamekwisha, akalala usingizi mzuri.

Hakuna aliyemkumbusha kwamba Falaniko ana mama. Bi Losivale yuko ng'ambo ya mto kwa watu wa mumewe, na wanawe wengine wapo, na kila mmoja ana panga. Walikaa siku nzima wakiitazama barabara. Wakasikia kichwa cha baba kimeinama kwingine, kwa mtu ambaye hakumzaa marehemu. Kwao ilikuwa ni kama kutemewa mate mara ya pili.

Basi wakaja wao. Ilikuwa Jumamosi mchana, tunakuna nazi za chakula cha Jumapili. Pikapu ikapanda hadi kwenye nguzo za nyumba. Mataio, kaka mkubwa wa Falaniko, aliruka ikiwa bado inatembea. Walikata nguruwe wote zizini, wakiwa hai, mmoja mmoja, hawakuwa na haraka. Walikata mshelisheli wa mama. Mmoja alinishika nywele akaniburuta hadi kwenye damu ya nguruwe akanikandamiza uso. Baba aliumia mkono kidogo, amefungwa bandeji, usiwe na wasiwasi naye.

Tangu hapo mimi si mtu. Juzi lori la mkate lilipita barabarani. Nilichojua baadaye ni kwamba niko nyuma ya tangi la maji, nimechuchumaa, kifua kimebana, na mbuzi ya kukunia nazi nimeikumbatia. Sikumbuki nilifikaje pale. Watoto wa jirani walicheka, nami siwalaumu.

Wanasema ulimuua kwa kutetea heshima yangu. Nani alikuomba? Niambie alisema nini.

Dada yako,
Fuatino


Gerezani, Queensland
24 Mei 2023

Dada Fuatino,

Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi karatasi imelegea. Unitukane tu, haki yako.

Neno alilolisema sitaliandika. Sikufichi kitu, lakini kaka hamtamkii dada yake maneno ya aina ile, hata kwa kalamu. Wewe mwenyewe umelelewa nyumba ile ile, unajua. Lilikuwa neno juu yako, alilitoa mbele ya wanaume, na wanaume wakacheka. Mkono wangu ulikuwa na kisu kwa sababu ilikuwa saa za kazi. Ingekuwa saa ya chai ningempiga kikombe, naye angekuwa hai anatengeneza meno.

Hayo ya nyuma ya tangi nayajua. Mimi yananishika wanapodeki korido. Maji yenye dawa yakimwagika sakafuni, narudi kule machinjioni. Mara ya kwanza nilianguka nikadhani moyo umepasuka. Askari wakanibeba mikono na miguu hadi zahanati, na kule kuna muuguzi, mama mnene anaitwa Colleen, anavaa raba za kijani. Hakunipa dawa. Akaniuliza, "Aperamo, unaona nini?" Nikasema, ukuta. "Wa rangi gani?" Nikasema, rangi ya matapishi. Akasema, "Safi, endelea."

Nikamtajia taa, ndoo, raba zake. Halafu akaniambia nitaje ninavyovigusa: shuka, chuma cha kitanda, sakafu chini ya visigino. Halafu ninavyovisikia. Halafu harufu. Mwisho, mdomoni kuna ladha gani. Nilijiona mjinga, Dada. Mwanamume mzima, muuaji, nataja ndoo. Lakini nilipofika kwenye ladha nikagundua kwamba napumua.

Alinieleza hivi: hofu inaishi jana na kesho. Inakuvuta urudi kwenye pikapu, au inakusukuma mbele hadi siku pikapu itakaporudi. Wewe kataa, kaa hapo ulipo. Bonyeza miguu ardhini, iambie roho yako jina la kila kitu kilichopo sasa hivi. Sasa hivi hakuna aliyekushika nywele. Kuna nazi, kuna tangi, kuna watoto wasio na adabu wanakucheka.

Jaribu. Usingoje lori, jaribu ukiwa umetulia, mwili uzoee.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu vidole viliumia kwenye voliboli. Humu tunacheza kila jioni, wananiita fundi. Msalimie baba kama atakubali kusalimiwa.

Mdogo wako,
Aperamo


Savaii, 12 Juni 2023

Aperamo,

Nimejaribu hayo mambo yako ya raba za kijani. Siku ya kwanza nilikaa chini nikaanza: mkeka, nguzo, kuku wa mchungaji anakula magimbi yetu. Nikamrushia kuku kandambili. Sijui kama Colleen anaruhusu.

Lakini inafanya kazi, sikatai. Lori la mkate lilipita Jumanne, nikabonyeza miguu chini nikataja vitu kwa sauti, nikabaki pale pale nilipo. Nilitetemeka, jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji, lakini nilibaki.

Ila hukuniambia kwamba ukitaja unachokiona, unakiona. Nilikuwa nimezoea kumpita baba bila kumtazama vizuri. Sasa nikamtazama. Nikataja: godoro, bakuli la supu, nzi, baba, mkono wa baba hauna kiganja. Nilikudanganya. Hakuumia kidogo. Aliinua mkono kumzuia Mataio asinifikie, na Mataio akakata. Kiganja kilibaki kwenye matope pamoja na nguruwe, mimi ndiye niliyekiokota nikakifunga kwenye khanga. Jeraha limeoza, homa haishuki, wamempeleka hospitali mara mbili na kumrudisha. Anaongea na marehemu mama.

Walirudi wiki iliyopita. Walimwaga petroli kwenye jiko la uani wakaliwasha. Baba mdogo Lafaele alitoka na rungu wakampiga nalo yeye mwenyewe. Kabla hawajaondoka Mataio alisimama juu ya pikapu akasema, "Mwambieni mzee alale vizuri. Mkono ulikuwa salamu. Tunarudi kuchukua kichwa." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani, na mimi namwamini.

Polisi wamekuja, wamekunywa chai, wameondoka.

Ukoo umekaa. Wote wanakubali kuna njia moja tu: kwenda ifoga upya, safari hii kwenye mlango wenye damu yao, kwa Bi Losivale. Baba hawezi kupiga magoti. Lafaele atakwenda kwa sababu ndiye anayeshika cheo cha ukoo sasa, lakini wazee wanasema Lafaele peke yake ni mwepesi. Wanataka mtu wa damu ya Aperamo mwenyewe. Mama hayupo. Nimebaki mimi. Dada wa muuaji akiinamisha kichwa, wamesema, ukoo hauna tena kitu kikubwa cha kuleta.

Nimekubali. Nimekubali kabla hawajamaliza kusema.

Unajua sheria. Chini ya mkeka huongei, huombi, huinui kichwa, hukimbii. Wakikupiga unakaa. Hadi wao wenyewe waufunue. Mmoja wetu akiinuka, imevunjika, na hakuna mara ya tatu. Watakuja kumchinja baba kitandani. Na mimi mwili wangu sina mamlaka nao, Aperamo. Mwili unakimbia bila kuniuliza.

Tunakwenda mwezi ujao, Ijumaa ya kwanza. Niambie nifanyeje nikiwa gizani, chini ya mkeka, hakuna cha kutazama. Andika haraka. Na unieleze ukweli, mimi nimeshakueleza wangu.

Fuatino


Gerezani, Queensland
28 Juni 2023

Dada,

Naandika nikijua labda barua hii itakukuta umeshatoka huko, au hutakuwepo wa kuisoma. Askari amesema posta ya kwenu haina uhakika. Naandika hivyo hivyo.

Mkono wa baba. Nimekaa na hilo neno tangu jana.

Umetaka ukweli. Sijacheza voliboli hata siku moja. Uele, binamu yake Falaniko, yuko humu ndani, amefungwa kwa makosa mengine. Wiki yangu ya pili walinibana kwenye chumba cha kufulia, yeye na wengine. Wawili walinishika, yeye akavikunja vidole vyangu kwa nyuma hadi vikalia. Tangu hapo ni kila anapopata nafasi. Amening'oa meno ya mbele kwa kunigongesha kwenye mashine. Juzi alinipiga mbavu hadi nikakojoa damu. Nguvu za kumvunja shingo ninazo, na yeye anajua, ndiyo maana anazidi kukasirika.

Siinui mkono. Uele ana simu ya magendo. Nikimpiga ngumi moja tu leo, kesho asubuhi Mataio ataisikia akiwa anakunywa kakao, na nyinyi mtapiga magoti bure. Kwa hiyo hata mimi niko chini ya mkeka, Dada. Sikutaka ujue.

Sasa sikiliza, maana Colleen hakunifundisha hili. Yeye alisema sasa hivi hakuna anayekupiga. Ni kweli kwenye korido. Kwenye chumba cha kufulia si kweli, sasa hivi ndiyo ngumi yenyewe. Nilidhani ile mbinu yake imeisha hapo. Haijaisha. Sasa hivi si mahali salama, lakini ni mahali padogo. Ngumi moja ni ngumi moja. Inauma, inapita. Kinachomwinua mtu akimbie ni zile ambazo hazijafika bado. Akili inazikusanya zote, inazileta kwa pamoja, na hakuna mtu aliyeumbwa kuzibeba zote kwa mara moja.

Basi wewe usizikusanye. Chini ya mkeka macho huna, lakini una magoti. Yaulize magoti yanakalia nini, nyasi au changarawe, pakavu au umande. Una pua. Una ulimi. Jiwe likikupiga, liite jiwe. Sema: hili ni jiwe, hapa ni bega, bega lipo. Usiseme watanipiga tena. Hilo ni la kesho, hata kama kesho yenyewe iko karibu kiasi cha kukohoa tu.

Kuna kitu kimoja nakuomba. Usikae pale kwa ajili yangu. Mimi ni mbwa. Kaa kwa ajili ya baba.

Aperamo


Savaii, 9 Julai 2023

Aperamo,

Barua yako haijafika. Tulikwenda Ijumaa bila hiyo.

Tulivuka mto kabla hakujapambazuka. Lafaele alibeba kuni, mimi mawe na majani, na mkeka ni ule ambao mama aliusuka miaka tuliyokuwa wadogo, laini kama kitambaa. Wengine wa ukoo walikaa nyuma yetu, vichwa chini. Mimi na Lafaele tulipiga magoti mbele ya ngazi za Bi Losivale, tukajifunika.

Wa kwanza kutuona alikuwa mtoto aliyetoka kukojoa. Akaita. Nikasikia miguu mingi kwenye mbao, halafu sauti ya Mataio, "Wamekuja. Sasa ndiyo wanakumbuka njia."

Walianza na mawe yale yale niliyoyaleta mimi. La kwanza lilimpata Lafaele sikioni. Nilisikia likigonga, nikamsikia akivuta pumzi, halafu damu yake ikaanza kunidondokea mkononi, ya moto. La pili lilinipata bega. Mwili ukaanza. Kifua kikabana, masikio yakalia, miguu ikajikusanya yenyewe kuinuka. Nikaing'ata midomo nikataja moyoni. Nyasi. Umande umeingia kwenye lavalava niliyojifunga kiunoni. Goti la kushoto lina kijiwe chini yake. Mkeka unanuka moshi na mafuta ya nazi. Mdomoni kuna chumvi. Nikaanza tena, nyasi, umande. Wakapiga tena. Nikapoteza, nikaanza upya. Sijui nilianza upya mara ngapi.

Mataio alikuja karibu, niliona vidole vyake vya miguu kwenye pindo la mkeka. Akaanza kupasua kuni zetu kwa panga, pale pale, hatua moja kutoka kwenye goti langu. Vibanzi vilinirukia. Kila akipiga alisema jina la baba. Halafu ndugu yake mwingine alileta birika la chai lililokuwa likichemka jikoni akamwaga juu yangu, taratibu, kutoka shingoni kushuka. Mkeka haukuzuia kitu. Ngozi ya mgongo imetoka, naandika nimelala kifudifudi. Sikulia, Aperamo. Nilisema moyoni: huu ni moto, huu ni mgongo, bado nimekaa. Lafaele alinishika kidole kimoja akakiminya.

Jua lilipanda. Wakachoka kidogo. Nilidhani nimeshinda.

Hapo ndipo Bi Losivale akatoka. Hakutupa jiwe wala hakututukana. Alikaa kwenye ngazi akaanza kulia, akimwita. "Falaniko. Falaniko wangu." Hivyo tu, tena na tena. Mawe niliyaweza na maji ya moto niliyaweza, lakini hilo sikuliweza. Nilitaka kuutupa mkeka nikimbie niingie mtoni nisirudi. Nikatafuta nyasi, hazipo. Nikatafuta harufu, hakuna. Nilichopata cha kushika ni sauti yake peke yake, basi nikaishika hiyo. Kila alipomwita, na mimi nikamwita kimyakimya chini ya mkeka. Tulimwita pamoja, yeye hajui.

Akaja akaufunua. Mataio akapiga kelele, panga bado mkononi. Mama yake akanishika kidevu akaniinua uso, akanitazama muda mrefu. Akasema, "Ni wewe. Alinitajia jina lako." Halafu akamgeukia mwanawe. "Weka panga chini, Mataio. Huyu ndiye aliyekuwa aletwe hapa Krismasi." Mataio hakuliweka. Alilitupa juu ya paa la jiko akaenda zake nyuma ya nyumba, na tukamsikia kule akipiga ukuta wa bati kwa mikono mitupu.

Tuliingia ndani. Tukalia, hotuba zikasemwa, wakaupokea mkeka. Imekubaliwa. Baba hatachinjwa. Nilirudi nikamwambia, akaelewa, akanishika uso kwa mkono wake mmoja.

Sasa nitasema lile ambalo dada hamwambii kaka yake. Ulisema hutaliandika neno lake. Vijana waliorudi wamelisimulia kila mahali, nimelisikia. Alisema, "Dada yako ananiandikia kila wiki." Lile halikuwa tusi, Aperamo. Ni kweli. Nilimwandikia kila wiki kwa mwaka mzima. Tulikuwa tumeshapanga. Na mimi ndiye niliyemwambia akuambie kabla hajaja kwa baba. Nilisema, Aperamo atakasirika siku mbili halafu atacheka. Nilimwambia akuambie wewe. Sikudhani ataropoka mbele ya wanaume, aniaibishe mimi, akubane wewe ukutani, mjinga yule, mpenzi wangu, alikuwa hajui kunyamaza akiwa na furaha.

Nimekaa chini ya mkeka kwa ajili ya mtu uliyemuua, mbele ya mama yake, nikiomba radhi kwa jina lako. Ukoo wao umeusamehe ukoo wetu. Mimi sijakusamehe, na sijui kama nitaweza.

Ninataka kitu kimoja. Wewe ndiye uliyekuwa karibu naye kuliko sisi wote. Usinitajie ndoo, usinitajie ukuta. Ondoka hapo ulipo urudi kwenye sakafu ile, utazame vizuri, uniandikie alivyokuwa. Alisema nini? Aliniita? Usinionee huruma.

Fuatino


Gerezani, Queensland
30 Julai 2023

Dada Fuatino,

Uele alipata habari kabla yangu. Alikuja kukaa meza yangu wakati wa chakula, akala, akaondoka. Hajanigusa tena. Kwa hiyo nilijua mko hai kabla ya barua yako. Mengine yote sikuyajua.

Sitakuomba msamaha humu. Ungeitupa barua kabla hujafika mwisho, nami nataka ufike. Nimekaa siku tatu nikirudi kule kama ulivyotaka. Colleen alinikuta sakafuni mara mbili, akaniuliza naona nini, nikamwambia aniache, niko kazini.

Falaniko alivua glovu ya kulia. Nimeiona sasa, siku ile sikuiona. Mtu anayetaka kugombana havui glovu. Alikuwa amenyoosha mkono ili tushikane. Akasema, "Aperamo, dada yako ananiandikia kila wiki, naomba tuzungumze." Vijana wakacheka kwenye "kila wiki," nami sikuyasikia yaliyobaki, au niliyasikia nikayatupa. Alikuwa anatabasamu. Siku ile niliona dharau. Ilikuwa aibu, Dada. Mtu mzima ameona aibu kama kijana wa Shule ya Jumapili.

Kisu kiliingia chini ya mbavu, upande wa kushoto, pale ambapo mikono yangu inapajua kwa ng'ombe hata nikifumba macho. Nilikizungusha. Hilo hakuna anayelijua, hata mahakamani halijasemwa, lakini umesema nisikuonee huruma. Hakupiga kelele. Alitazama chini, akanitazama mimi, akakaa taratibu, mgongo kwenye mguu wa meza. Damu ilimtoka puani na mdomoni. Alijaribu kuivaa tena ile glovu, ikamshinda. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyekosea nyumba.

Umeuliza kama alikuita. Hakukuita wewe. Aliniita mimi. Alisema, "Shemeji, nishike," akaninyooshea mkono.

Sikumshika. Nilisimama pale nikimtazama hadi mkono ukashuka wenyewe.

Aperamo